Nilikuwa Naomba: Adabu ya Kigoma Ndani ya Kiingereza

Kaa nusu saa kwenye mapokezi ya gesti yoyote hapa Mwanga, Kigoma mjini, utaliona jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka. Anaingia mzee kutoka Kasulu, begi begani. Binti wa mapokezi anasimama. "Shikamoo baba. Karibu, pole na safari. Samahani baba, nilikuwa naomba kitambulisho chako niandike kwenye kitabu." Mzee anatoa kitambulisho, anaulizia maji ya moto, mambo yanakwenda. Muda si mrefu anaingia mgeni Mzungu anayeelekea Gombe kuona sokwe. Binti ni yuleyule, uso ni uleule wa bashasha, lakini kinachomtoka mdomoni ni hiki: "Give me passport. You write here. You pay now."

Mgeni anatoa pasipoti, analipa, anapanda ngazi akiwa ameshaamua kwamba dada huyu ni mkali. Dada naye anabaki akijiuliza mgeni amenunia nini. Hakuna aliyekusudia kumkosea mwenzake. Binti amelelewa vizuri, anajua kumpokea mtu, anajua kuomba. Ila alipovuka kuingia kwenye Kiingereza aliyavusha maneno, adabu akaiacha ng'ambo.

Mimi nafundisha Kiingereza jioni, na wanafunzi wangu ni watu wazima wenye kazi zao: wahudumu wa gesti na hoteli, madereva, waongoza watalii, vijana wa boti za Kibirizi, makarani wa mashirika yanayohudumia wakimbizi. Karibu wote wamepita sekondari, ambako masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Muulize mmoja wao akutajie "modal verbs", atazimimina bila kupumua: can, could, may, might, will, would, shall, should, must. Akitoka nje ya darasa hazitumii. Kwake ni jedwali la mtihani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mwingereza hana shikamoo, na kwamba sehemu kubwa ya heshima ambayo sisi tunaiweka kwenye salamu, na kwenye baba, mama, kaka na dada, yeye anaipachika ndani ya vitenzi hivyo vidogo. Ukiviondoa, inabaki amri tupu.

Ipo moja tu tuliyofundishwa kwa vitendo, na kila aliyesoma Tanzania anaikumbuka. Umechelewa, unasimama mlangoni, unapaza sauti: "May I come in, sir?" Ukitaka kwenda chooni: "May I go out, madam?" Nashukuru kwamba hata hiyo tulifundishwa, kwa sababu imekaa kichwani mpaka leo. Lakini angalia ilivyokaa. Ni maneno ya mdogo kwa mkubwa, ya mtu anayeiogopa fimbo. Namna ya kumwomba mwenzako kalamu hatukufundishwa, wala namna ya mkubwa kumwomba mdogo afunge dirisha, wala namna ya kukataa bila kumuumiza mtu. Ndiyo maana Kiingereza cha wengi wetu kina sauti mbili tu: ya unyenyekevu wa mlangoni na ya amri. Hapo katikati, ambapo watu wanaishi, wanafanya biashara na kutaniana, hatuna kitu.

Njia niliyoiona inafaa ni kuanzia kwenye kinywa cha mwanafunzi mwenyewe. Nenda duka lolote la Mwanga au Ujiji, simama pembeni usikilize. "Samahani kaka, nilikuwa naomba vocha ya elfu moja." "Mama, nilikuwa naulizia sukari." Huyu mtu hazungumzii jana. Anaomba sasa hivi, hela iko mkononi. Kwa nini basi anasema "nilikuwa"? Kwa sababu ombi lililorudishwa nyuma kidogo halimbani anayeombwa. Lilikuwepo tu, likipata jibu ni heri, lisipopata hakuna aliyeaibika. Ndivyo inavyofanya kazi "ningependa", ndivyo inavyofanya kazi "ungenisaidia". Ile -nge- inalisogeza jambo mbali na uhakika, na katika umbali huo anayeombwa anapata pa kupumulia.

Sasa geukia Kiingereza. Could ni can iliyopelekwa wakati uliopita. Would ni ya will, might ni ya may, should ni ya shall. Zote asili yake ni wakati uliopita. "Could I have your passport?" haizungumzii jana, kama vile "nilikuwa naomba" isivyozungumzia jana. Mwingereza amefanya kilekile anachofanya mteja wa vocha. Na akitaka kuzidisha heshima anasema "I was wondering if you could help me", ambayo ni "nilikuwa" yetu waziwazi. Darasa likifika hapa huwa kuna mtu anacheka kwa furaha, na mimi hufurahi naye, kwa sababu could imeacha kuwa mgeni. Binti wa mapokezi hana haja tena ya kukariri kanuni. Anajiuliza swali moja tu: hapa, kwa Kiswahili, ningesema "nipe" au "nilikuwa naomba"? Kama ni "nilikuwa naomba", njia yake ni could. Kama angesema "nataka", ambayo hata kwetu mtoto mwenye adabu hamwambii mkubwa, basi asiseme "I want". Aseme "I'd like", kwa maana ya ningependa.

Wanafunzi waliokulia Uvira au Kalemie, ng'ambo ya ziwa, hulipata jambo hili upesi. Kifaransa chao kina "je voudrais", yaani ningependa, nayo imepita njia hiyohiyo.

Wengine wanadhani ukibandika please mbele ya amri, umemaliza. "Please give me passport." Ni afadhali kuliko patupu, lakini haijafika. Isikilize tafadhali yetu ikimtoka mama aliyechoshwa na kelele za watoto: "Tafadhali jamani!" Hapo ombi limekwisha, lililobaki ni onyo. Katika maisha ya kila siku hapa kwetu "naomba" inabeba mzigo mkubwa kuliko "tafadhali", na kwenye Kiingereza could na would zinabeba mzigo mkubwa kuliko please.

Ugumu mwingine unatokana na herufi moja, na huu naupenda sana kuufundisha. Tunasema: Niingie? Nikusaidie? Twende? Nifanyeje? Aje kesho? Mswahili anageuza a ya mwisho kuwa e, anaipandisha sauti, kazi imekwisha. E hiyo inaomba ruhusa, inajitolea, inashauri, inauliza la kufanya. Kiingereza kinataka kitenzi chake mahali pake: "May I come in?" "Shall I help you?" "Shall we go?" "What should I do?" "Should he come tomorrow?" Mwanafunzi anatafuta neno moja la Kiingereza litakalosimama badala ya e, halioni, anakata tamaa na kusema "I help you?" au "We go!" Kijana wa boti anapomwambia "We go!" mgeni ambaye bado anafunga kamba za viatu, mgeni anasikia anafukuzwa. Kijana alikusudia "twende?", ile ya upole ya mtu anayekungoja. Nawaambia wasitafute neno la e. Watafute kazi ambayo e inafanya katika sentensi ile, kisha wachague: kama inaomba ruhusa ni may au can, kama inajitolea au inaalika ni shall, kama inatafuta ushauri ni should.

Makosa mengine ni ya ufundi tu, nayapita haraka. "I can to carry" inatoka kwenye "naweza kubeba". Ile ku- inadai nafasi yake, lakini baada ya can hakuna to. "I will can" ni "nitaweza" iliyovishwa Kiingereza, na vitenzi hivi havipandani, kwa hiyo ni "I will be able to". Na anayetaka kusema "najua kuogelea" aseme "I can swim". Hapo pana jambo linalonifurahisha: can yenyewe, zamani za kale, ilikuwa na maana ya kujua. Will nayo ilikuwa na maana ya kutaka, kama vile -ta- yetu ya wakati ujao ilivyotokana na kutaka. Lugha hizi mbili hazina undugu, lakini zimepita mapito yanayofanana.

Panaponitia hofu kweli ni must.

Karani anataka kumtuliza mgeni: "Si lazima ulipe leo." Anaivunja vipande vipande. Lazima ni must, si ni not. Anasema "You must not pay today." Mgeni anasikia kwamba kulipa leo ni marufuku, anarudisha pochi mfukoni, na kesho kuna mzozo. Kwenye malipo ni usumbufu tu. Kwenye duka la dawa ni hatari. Muuza dawa anayetaka kusema si lazima ule kwanza, akisema "You must not eat first", amemshindisha mgonjwa njaa bila sababu. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: dawa isiyotakiwa kuchanganywa na pombe, akasema "You don't have to drink alcohol", mgonjwa atajua ni hiari yake. "Don't have to" ni si lazima. "Must not" ni usifanye kabisa. Sentensi hizi mbili nazirudia kila wiki, na sitaacha.

Vijana wa boti nawaambia jambo ambalo linaonekana kupinga yote niliyoyasema hapo juu. Kwenye jaketi la kuokolea, adabu ya could ikae pembeni. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470 na linaweza kuchafuka wakati asubuhi lilikuwa shwari. "Could you perhaps wear this?" inampa mgeni nafasi ya kusema hapana asante, na hapo nafasi hiyo haitakiwi. "You must wear this" ndiyo heshima kwa maisha yake. Hata Mwingereza mwenyewe mwenye hatari mbele yake haanzi na would you. Na wakiwa kwenye maji, wajihadhari na can na can't. Kwenye Kiswahili ukanusho unakuja mwanzoni, wazi: hatuwezi. Kwenye Kiingereza unaning'inia mwishoni mwa neno, na watu wengi, Wamarekani hasa, ile t wanaimeza. Kinachosaidia ni kusikiliza mkazo. "We can go", can inapita haraka haifungui mdomo vizuri. "We can't go", can't inasimama imara. Ukiwa na shaka, uliza tena: "So we are not going?"

Must ina upande wa ukarimu pia, na watu wa Kigoma wanauhitaji. Mtu anayeshuka kwenye treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam amepita zaidi ya kilomita 1,200. Sisi tunamwambia pole na safari. Binti wa mapokezi hutaka kusema hivyo, anakuta Kiingereza hakimpi njia, ananyamaza, na kimya chake kinaonekana ni ubaridi. Basi aseme "You must be tired after that journey." Must hii haiamrishi mtu kuchoka, inasema bila shaka umechoka, nimekuona. Kwa kazi ya mapokezi hakuna sentensi ya Kiingereza ninayoithamini kuliko hiyo.

Makarani wa mashirika wana tabu ya aina nyingine. Wao wanaelewa kila neno, wanakosa lililo nyuma yake. Mmoja alinieleza kwamba bosi wake mgeni alisoma ripoti akamwambia "You might want to look at the figures again." Akasikia: ukipenda, unaweza kuziangalia tena. Hakupenda, akaendelea na kazi nyingine. Jioni bosi akaja kuulizia ripoti iliyorekebishwa. Ile might ilikuwa agizo kamili. Kiingereza cha ofisini kimejaa maagizo yaliyovaa nguo za hiari: "You may want to", "Perhaps you could", "It would be good if". Na kukataa kwao ndivyo kulivyo. "That might be difficult" mara nyingi maana yake ni hapana, na "I'm afraid we can't" haina hofu yoyote ndani yake.

Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kazi yao iliyotoka mwaka 1978 na kuchapwa tena kwa marekebisho mwaka 1987, walitenganisha adabu ya aina mbili: inayomvuta mtu karibu, na inayomwachia mtu nafasi yake asiingiliwe. Binadamu wote wana zote mbili, lakini naona sisi tunaielemea ya kwanza na Kiingereza kinaielemea ya pili. Ukimwita muuza dagaa "mama" umeshamfanya mzazi wako, na mzazi hamnyimi mwanawe kirahisi. Ukimwambia Mwingereza "could you possibly", umemfungulia mlango wa kukataa, hata kama nyote wawili mnajua hatautumia. Tena kwa Waha wa Kasulu na Buhigwe salamu ni ndefu kuliko ya mjini, na haikatizwi kwa sababu mtu ana haraka. Mtu aliyelelewa hivyo, akisikia adabu ya kuachiana nafasi, anaona ametengwa.

Mfano mashuhuri kuliko yote wa adabu hiyo ya umbali unahusishwa na mahali hapahapa petu. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Ujiji baada ya miezi ya kumtafuta mmisionari na mvumbuzi David Livingstone. Kwa maelezo yake mwenyewe alitamani kumkumbatia, lakini hakujua Mwingereza yule angempokeaje (Livingstone alikuwa Mskoti, ila Stanley alimwita Mwingereza). Akavua kofia akasema: "Dr Livingstone, I presume?" Hapakuwa na Mzungu mwingine wa kumchanganya naye. Ile "I presume" inafanya kazi ileile ya could: inaacha nafasi ya mtu kusema hapana, umenifananisha. Wapo wanaotilia shaka kama aliyatamka kweli, kwa sababu kurasa za daftari lake za siku hiyo ziling'olewa. Kwangu haijalishi sana. Ameyatamka au ameyatunga baadaye, aliona ndivyo muungwana angesema, na wasomaji wa kwao wakayacheka, kwa kuwa mahali pa kukumbatiana aliweka umbali mno. Adabu ya namna hiyo ina kipimo chake hata kwa wenyewe.

Wanafunzi wangu huwa nawaonyesha zaidi mstari mwingine katika maelezo hayohayo. Kabla Stanley hajamwona Livingstone, kuna mtu alimsemesha kwa Kiingereza katikati ya umati wa Ujiji: "Good morning, sir!" Stanley alishtuka. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Mwafrika yule hakuanza na "who are you" wala "where are you from". Alianza na salamu, kama ambavyo mtu yeyote wa Ujiji angeanza leo.

Hapo ndipo wageni wetu wanapokosea upande wao, na hili nawaambia kila nikipata nafasi. Mtalii anafika Kibirizi, anamwendea kijana wa boti: "Could you tell me where the boat to Gombe leaves from?" Could ipo, sauti ni nzuri. Kijana anasikia mtu aliyemvamia bila salamu. Anajibu kwa mkato, na mgeni anaondoka akisema watu wa Kigoma hawana adabu. Mmoja ameiweka heshima mwanzoni mwa mazungumzo, mwingine ameiweka ndani ya kitenzi, na kila mmoja ameitafuta ya mwenzake mahali ambapo haipo. Kwa hiyo darasani kwangu hatuchagui. Salamu yetu inabaki, could yao inaongezwa: "Good morning, madam. Welcome. You must be tired. Could I have your passport, please?" Mgeni akiona ni ndefu, ataizoea, kama sisi tulivyozoea haraka zao.

Limebaki moja ambalo huwa naliacha mwisho wa muhula, kwa sababu linachanganya hata waliofika mbali: "Would you mind waiting?" Swali hili linauliza kama utakereka kusubiri. Mwanafunzi mwenye moyo mweupe anajibu "Yes!" akimaanisha ndiyo, nitasubiri, na mgeni anasikia ndiyo, nitakereka. Kwetu ndiyo inakubaliana na aliyeuliza, ukiniuliza "Hujala?" nami sijala, nakujibu "Ndiyo, bado". Kiingereza kinajibu kulingana na jambo lenyewe. Ukiulizwa hivyo, achana na yes na no zote mbili. Sema "Not at all" au "Sure, no problem", kisha kaa usubiri. Na wewe unapomwomba mtu ambaye Kiingereza amejifunza ukubwani kama wewe, Mrundi wa Bujumbura au Mkongo wa Kalemie, usimuulize "would you mind". Atakujibu yes, nawe hutajua amekubali au amekataa. Mwombe kwa could.